Usalama Upi, Hatari Ipi? Kiswahili na Kigezo cha Pamoja cha Usafiri wa Anga

Ukiitisha baraza mjini Isiolo na kutangaza kwamba litajadili usalama wa uwanja wa ndege, aghalabu wazee watakaosimama kusema watazungumzia bunduki. Watataja wezi wa mifugo, askari wa akiba, malisho yanayogombaniwa na mpaka wa kaunti usiokubaliwa na wote. Hawatakuwa wametoka nje ya mada. Katika Kiswahili cha kaskazini mwa Kenya, usalama ni jambo la silaha na doria. Ilhali afisa aliyetoka Nairobi na kabrasha lake kwapani huenda alikusudia jambo jingine kabisa: ua lililotoboka, jaa la taka linalowavuta korongo, mlingoti uliosimikwa karibu mno na njia ya kurukia, gari la zimamoto lisilo na maji ya kutosha. Wataagana kwa heshima, kila upande ukidhani umeeleweka.

Hili ni tatizo la istilahi, na kwa kuwa ni la istilahi, ni letu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Kwa muda mrefu tumewaachia wahandisi na marubani mijadala ya usafiri wa anga, kana kwamba lugha hukomea langoni pa kiwanja cha ndege. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba kigezo cha pamoja cha kupima na kudhibiti hatari za anga, ambacho mataifa ya Afrika Mashariki yamekwisha kukikubali katika karatasi, hakitakuwa cha pamoja hadi mtu anayekiona chanzo cha hatari kwa macho yake aweze kukitaja kwa lugha aijuayo, na yule mwenye mamlaka ya kuamua alielewe neno hilo kwa maana ile ile.

Nimeichagua Isiolo kwa sababu. Uwanja wake wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa rasmi mwaka 2017, ukiwa mojawapo ya matumaini ya mradi wa LAPSSET unaonuiwa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Uko mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru. Njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban kilomita 1.4, na tangu ufunguzi huo viongozi na wafanyabiashara wamekuwa wakidai irefushwe ili ndege kubwa za mizigo ziweze kufika. Madai hayo husikika kama suala la fahari na biashara ya miraa. Yana upande mwingine. Mji huo uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na jua lake ni kali. Hewa ya mahali pa namna hiyo ni nyepesi, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa. Kwa hiyo mita mia chache za lami ni hesabu ya hatari kabla hazijawa hesabu ya faida. Pale Isiolo pia wanakutana Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru, kila jamii na lugha yake, na kinachowaunganisha sokoni ni Kiswahili. Kama kigezo cha pamoja kinaweza kujaribiwa mahali, ni hapo.

Kigezo chenyewe ni kipi? Sheria za anga duniani zimesimama juu ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Mkataba huo una viambatisho 19, na cha mwisho, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinahusu usimamizi wa usalama. Kabla ya hapo masharti hayo yalikuwa yametawanyika katika viambatisho vingine. Wazo lake kuu ni jepesi kulieleza ingawa ni gumu kulitekeleza. Zamani ajali ilingojewa itokee, ichunguzwe, kisha sheria mpya itungwe. Sasa nchi na mashirika yanatakiwa kuvisaka vyanzo vya hatari mapema, kupima kila kimoja na kukipunguza makali hadi kiwango kinachovumilika. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unatoa mfano wa jedwali. Uwezekano wa jambo kutokea hupewa nambari kutoka 1 hadi 5, na ukali wa matokeo yake hupewa herufi kutoka A hadi E. Jambo la 5A hutokea mara kwa mara na likitokea huangamiza; halivumiliki hata siku moja. Jambo la 1E unaweza kuliacha lilivyo.

Tuseme ua wa kiwanja umetoboka na mbuzi hupenya. Mchungaji anajua kwamba wakati wa kiangazi hupenya kila alasiri, wakifuata nyasi iliyosalia. Ofisi inajua kwamba mwaka mzima imepokea ripoti moja. Mchungaji, lau angeulizwa, angesema 5. Ofisi itaandika 2. Tofauti ya 5 na 2 katika jedwali hilo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kusimamisha safari na kuandika barua. Basi, jedwali lina thamani ya habari zinazoingizwa ndani yake, na habari hizo zimo vinywani mwa watu ambao hawajawahi kuliona.

Umuhimu wa kigezo kuwa kimoja si mgumu kuuona. Ndege iliyosajiliwa Kenya hulala Entebbe, ikaamkia Mwanza, ikarudi Nairobi. Mamlaka za usafiri wa anga za nchi hizo zikipima kwa mizani tofauti, shirika la ndege litajua haraka ni wapi pa kupitia. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki iliunda mwaka 2007 wakala wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, na kazi yake mojawapo ni kuandaa kanuni za mfano ambazo nchi wanachama huzitunga ziwe sheria zao. Ni hatua njema sana. Lakini hata mwongozo wa ICAO unaruhusu kila taasisi kulirekebisha jedwali kulingana na hali yake, na hivyo 3 ya shirika la ndege huenda isiwe 3 ya mdhibiti wala 3 ya msimamizi wa kiwanja. Hali hiyo ni ya soko ambalo kila muuzaji ana kibaba chake mwenyewe. Naona busara kwamba jedwali liwe moja kwa Jumuiya nzima, na anayetaka kulibadilisha atoe hoja mbele ya wenzake.

Nambari, hata hivyo, ni sehemu rahisi. Ugumu uko katika maneno, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa kuwa hapa ndipo penye kazi yetu.

Wataalamu wa anga hutofautisha mambo mawili ambayo sisi tunayaita kwa neno moja. La kwanza ni hali au kitu chenye uwezo wa kusababisha ajali: mbuzi, mlingoti, ukungu, rubani aliyechoka. La pili ni makadirio: uwezekano wa madhara ya kitu hicho ukichanganywa na ukali wake. Mbuzi ni yule yule alfajiri na alasiri. Kinachobadilika ni makadirio, kwa sababu alfajiri hakuna ndege inayotua. Kiingereza kina neno kwa kila moja. Sisi tuna hatari, ambayo ni mbuzi, ni makadirio, na wakati mwingine ni ajali yenyewe. “Kuna hatari” inaweza kumaanisha kwamba kitu kipo, kwamba kinaelekea kudhuru, au kwamba tayari watu wameanza kukimbia.

Wenzetu wa Tanzania wamejaribu kulitatua hili. Katika nyaraka za serikali na za ukaguzi wa hesabu wanatumia neno kihatarishi, wingi vihatarishi, na husema usimamizi wa vihatarishi. Ni neno zuri, lililoundwa kwa njia halali ya Kiswahili kutokana na kitenzi hatarisha. Tatizo ni mahali walipoliweka. Kwa umbo lake, kihatarishi ni kile kinachohatarisha, yaani mbuzi. Wao wamelipa kazi ya lile jambo la pili, makadirio. Nchini Kenya waandishi wengi wanaendelea na hatari kwa yote mawili. Matokeo ni kwamba karatasi mbili za Kiswahili, moja kutoka Dodoma na nyingine kutoka Nairobi, zinaweza kuzungumzia kiwanja kimoja na zisikutane.

Mambo huzidi kutatanika tukitoka katika uwanja wa anga. Kigezo kingine cha kimataifa, ISO 31000, kilichotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa 2018, hutumiwa na taasisi za kila aina kusimamia shughuli zao. Hicho kinakieleza kile kinachopimwa kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo, na athari hiyo inaweza kuwa njema au mbaya. Mwambie Mswahili kwamba kuna hatari njema, naye atakutazama mara mbili. Wapo wanaodai kwamba neno la Kiingereza linalotumika hapo lina asili yake katika neno la Kiarabu lililotupa sisi riziki. Wanaisimu hawajaafikiana juu ya nasaba hiyo, nami sitaiapia, ila inavutia kufikiri kwamba msafiri wa majahazi aliyeondoka na upepo wa kaskazi alibeba riziki na hatari katika shehena moja. Mdhibiti wa anga hapaswi kubeba hivyo. Kwake usalama unakuja kwanza, faida baadaye, na istilahi zake zinapaswa kulionyesha hilo.

Kisha kuna usalama lenyewe. CASSOA ina maneno mawili katika jina lake la Kiingereza, moja la kujikinga na ajali na jingine la kujikinga na wahalifu. Ukitafsiri kwa pupa utapata “wakala wa usalama na usalama”. Baadhi ya watafsiri hutumia ulinzi kwa lile la pili, na nadhani ndio walioko karibu na ukweli. Likikubaliwa, baraza la Isiolo niliyelitaja lingekuwa na ajenda mbili zilizo wazi, kila mzee akajua asimame wakati gani.

Na sijataja ndege. Kiumbe chenye mbawa na chombo cha chuma vinashiriki jina moja, na kugongana kwao ni tukio linaloripotiwa sana duniani. Hapa sarufi yetu hutuokoa kwa namna ambayo wageni huistaajabia: “ndege ameigonga ndege” haina utata wowote kwa anayezingatia upatanisho wa kisarufi. Lakini msomi akumbuke kwamba Kiswahili cha bara mara nyingi huupuuza upatanisho huo. Ripoti isemayo “ndege imegonga ndege” ingemfanya afisa wa zamu aitishe magari yote ya uokoaji kwa ajili ya mwewe mmoja.

Yamkini kuna anayesema kwamba haya ni mabishano ya kawaida ya watu wa lugha. Tumezoea kweli. Tulitumia miaka mingi tukivutana juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na hakuna aliyekufa. Katika anga watu wamekufa kwa neno. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya shirika la Avianca iliyotoka Bogotá ilizungushwa muda mrefu angani karibu na New York kwa sababu ya msongamano na hali mbaya ya hewa. Marubani waliwaeleza waongozaji kwamba mafuta yalikuwa yakiwaishia, ila hawakulitamka neno rasmi la kutangaza dharura. Kwa waliokuwa wakisikiliza ardhini, maneno yale yalikuwa malalamiko ya kawaida ya jioni yenye foleni. Ndege ilianguka, watu 73 kati ya 158 wakafa. Mawasiliano yale ya redio yalikuwa kwa Kiingereza. Kilichokosekana ni istilahi moja yenye maana moja. Tangu Machi 2008 ICAO imewataka marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wathibitishe kiwango chao cha Kiingereza, na sina ugomvi na sharti hilo. Sipendekezi rubani azungumze na mnara kwa Kiswahili. Mawasiliano hayo yana lugha yake na libaki hivyo.

Ninalozungumzia ni upande wa ardhini, na watu walio ardhini ndio wengi. Tarehe 24 Januari 2003 ndege iliyowabeba mawaziri wa serikali mpya ya Kenya iligonga nyaya za umeme muda mfupi baada ya kuruka kutoka kiwanja cha Busia, na waziri Ahmed Khalif na marubani wawili wakapoteza maisha. Nyaya hazijifichi. Zilikuwa zikionekana na kila aliyepita njia hiyo kwenda shambani au sokoni. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu hawa, wa Busia na wa Bukoba, wanazungumza Kiswahili, na mfumo wa usimamizi wa usalama unawahitaji kabla ya ajali kuliko baada yake. Kiambatisho cha 19 chenyewe kinadai kila nchi iwe na njia ya watu kuripoti kwa hiari bila kuadhibiwa. Ripoti ya hiari haiandikwi na mtu anayeona haya kwa Kiingereza chake. Mpakiaji wa mizigo aliyeona tairi lenye kasoro atanyamaza kuliko kuonekana mjinga mbele ya fomu.

Kuna kundi jingine lililo nje ya kigezo hiki, na hilo limeachwa nje na sheria yenyewe. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Chicago kinaeleza kwamba Mkataba unahusu ndege za kiraia pekee. Zile za jeshi, forodha na polisi zinahesabiwa kuwa za dola na hazimo. Mtu wa kaskazini anaujua uzito wa kifungu hicho hata kama hajawahi kukisoma. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Wanahewa ilianguka karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa, ikawaua 14 kati ya 17 waliokuwamo. Walikuwa katika safari ya kuzipatanisha jamii zilizokuwa zikipigana. Wabunge watano walikufa: Bonaya Godana, Mirugi Kariuki, Titus Ngoyoni, Abdi Sasura na Guracha Galgallo. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ilianguka Ngong, wakafa waziri George Saitoti, waziri msaidizi Orwa Ojode na wengine wanne. Tarehe 18 Aprili 2024 ikawa zamu ya Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wengine tisa, katika helikopta ya kijeshi.

Sidai kwamba jedwali la herufi na nambari lingewaokoa. Kila ajali ina sababu zake. Ninachodai ni kwamba hakuna kinachoizuia Kenya, kwa sheria yake yenyewe, kuziwekea ndege za dola kigezo kile kile cha kupima hatari kabla ya safari, hasa zinapobeba raia. Kifungu hicho hicho cha 3 kinazitaka nchi zijali usalama wa ndege za kiraia zinapotunga kanuni za ndege za dola, maana anga ni moja. Upande wa lugha, jeshi halina kisingizio: askari wa KAR waliotoka makabila kadha wa kadha waliunganishwa na Kiswahili tangu enzi za ukoloni, hata kama wasanifishaji wa wakati huo walikicheka Kiswahili chao.

Pingamizi nzito zaidi ninayoijua ni kwamba tafsiri huzaa sheria mbili, na mahakamani mtu atajificha nyuma ya ile inayomfaa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imeshafanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Kenya, na Mkataba wa Jumuiya, katika Kifungu cha 137, ulikipa Kiswahili jukumu la kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Tafsiri zitakuja, tutake tusitake. Zikija kwa papara, kila ofisi na mtafsiri wake wa kukodi, ndipo hizo sheria mbili zitakapozaliwa, au kumi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, CASSOA iko Entebbe. Taasisi mbili za Jumuiya moja zinaweza kukaa meza moja na kuafikiana juu ya maneno yasiyozidi 20. Mimi ningeanza na haya: kihatarishi kwa chanzo, hatari kwa makadirio, uwezekano na ukali kwa pande mbili za jedwali, madhara kwa matokeo, usalama kwa kujikinga na ajali na ulinzi kwa kujikinga na uhalifu. Atakayekuwa na bora zaidi alete. Ila yasitungwe mezani tu. Vyama vyetu vya wanafunzi vina wanachama katika kila eneo lenye kiwanja, na likizo ni ndefu. Tuwaendee wapakiaji, wazimamoto, walinzi wa ua, wachungaji na wauza miraa, tuwasikilize wanaviitaje vitu wanavyoviona, ndipo wanaleksikografia wachambue.

Kisha maneno hayo yajaribiwe Isiolo katika fomu ya nusu ukurasa, iwekwe langoni pa kiwanja, sokoni na kwa chifu, na asiyejua kuandika aandikiwe. Fomu isimwulize mtu hali ya usalama ikoje. Imwulize ameona nini, wapi, na mara ngapi.